Buti za Maiti na Nyota Mbili: Maswali Yenu Kuhusu Kuzindua Riwaya ya Kwanza

Mwezi huu sijui kumetokea nini, nimefungua imeili za safu nikakuta karibu maswali yote yanatoka kwa watu wa aina moja, watu walioandika fantasia. Na siyo fantasia ya binti mfalme na farasi mweupe, hapana, ni ile ya matope, ile ambayo shujaa ana deni, ana jino linamuuma tangu sura ya kwanza, na akishinda vita hakuna anayempigia makofi. Wenyewe wanaiita grimdaki, neno lililotokana na mchezo wa mezani wa Warhammer 40,000 wa mwaka 1987, humo walijinadi kwa giza la kutisha la zama zijazo, kwa Kiingereza "grim darkness", na vita visivyoisha, mashabiki wakayakata maneno wakayaunganisha likawa jina la aina nzima ya vitabu. Zamani ukimwambia mwandishi kitabu chako ni grimdaki unamtania, siku hizi watu wanalibandika kwenye jalada kwa raha zao.

Haya twende. Maswali nimeyapunguza urefu maana mengine yalikuwa riwaya tosha.

Anti shikamoo. Nimemaliza riwaya yangu ya kwanza baada ya miaka minne, ni fantasia ya giza, inahusu mwanamke anayevua buti za maiti kwenye uwanja wa vita na kuziuza. Najichapishia mwenyewe. Kava ipo, tarehe nishatangaza, ni wiki tano kuanzia leo. Nimetuma maombi kwa wahakiki kama arobaini hivi, kanijibu mmoja tu na yeye kasema foleni yake imejaa mpaka mwakani. Nina presha hadi silali. Nifanyeje? — Mama Buti

Marahaba mwanangu. Kwanza lala. Pili, sogeza tarehe.

Najua umeshatangaza na unaona aibu, lakini hebu fikiria ni nani anayeisubiri hiyo tarehe zaidi yako. Mwandishi wa kitabu cha kwanza ana bahati moja ambayo haitarudi tena, hakuna mtu amekaa mlangoni anamngoja. Ukisogeza miezi mitatu au minne mbele watakaogundua ni wewe, ndugu zako, na yule rafiki aliyekwisha omba ruhusa kazini. Ila kama umeshafungua oda za mapema kwenye duka la mtandaoni, soma kwanza masharti yao ya kuahirisha kabla hujagusa kitu, maduka mengine yana adhabu.

Kwa nini usogeze? Hao arobaini hawajasoma hata sentensi yako moja wakajua ni nzuri au mbaya, tatizo ni muda tu. Mhakiki wa fantasia anasoma mavitabu ya kurasa mia nne, mia tano, anasoma usiku akitoka kazini, wengi wao wanafanya bure, na kabla yako kuna watu wengine wamekaa kwenye foleni, kwa hiyo wiki tano kwake ni sawa na kesho asubuhi. Majarida ya biashara ya vitabu ndo usiseme, Publishers Weekly ambalo lipo tangu 1872 wanataka nakala miezi mitatu minne kabla ya kitabu kutoka, maana hakiki yao wanaiandika ili wenye maduka na maktaba wajue waagize nini. Ukiwapelekea wiki tano kabla umewapelekea habari ya jana.

Kwa hiyo anza kuhesabu kurudi nyuma toka siku ya uzinduzi. Miezi minne kabla, nakala ya mapema iwe tayari, ile wenyewe wanaiita ARC. Hiyo ni nakala iliyohaririwa ikapangwa kurasa, imebaki kupitiwa mara ya mwisho kuokota makosa ya chapa, na ukurasa wa kwanza unaandika wazi kwamba haijasahihishwa kwa mara ya mwisho na haiuzwi. Isiwe rasimu. Hapa watu wengi wanachanganya, wanatuma rasimu ya tatu wakijua mhariri bado anaifanyia kazi, halafu mhakiki anaandika kuhusu sura ambayo haitakuwepo kwenye kitabu.

Sasa hayo maombi yako arobaini. Hujaniambia uliyaandikaje ila nina hisia, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kufanya hilo kosa na sijasahau. Riwaya yangu ya kwanza nilituma imeili moja kwa watu sitini kwa mpigo, anwani zote zinaonekana, nikaanza na "Ndugu Mhakiki", nikaelezea maisha yangu tangu shule ya msingi, nikaambatanisha kitabu kizima bila kuulizwa. Baada ya nusu saa mmoja akajibu, na akawajibu wote sitini: "Mimi nahakiki vitabu vya watoto tu." Mwingine naye: "Na mimi ni historia." Wa tatu akauliza jamani huyu ni nani. Mpaka jioni walikuwa wanapiga stori kwenye imeili yangu, wawili wakagundua kumbe walisoma pamoja, na hakuna hata mmoja aliyefungua faili.

Ombi zuri ni fupi na linamhusu mtu mmoja. Kwa kitabu chako ningeandika hivi:

*Habari fulani. Nilisoma ulichoandika kuhusu riwaya za mamluki, ukalalamika kwamba hakuna anayetuonyesha uwanja wa vita siku ya pili yake. Riwaya yangu inaanza hiyo siku ya pili. Ni fantasia ya giza, maneno laki moja na elfu kumi, inatoka tarehe fulani. Ina damu nyingi na kuna mtoto anakufa, haina ubakaji. Aya ya kwanza nimeiweka hapa chini. Ukiipenda niambie nikutumie epub au PDF. Usipoipenda hata usijisumbue kujibu.*

Basi. Ona hiyo sentensi ya mwisho, inamtua mtu mzigo, na mtu aliyetuliwa mzigo ndo anasoma aya. Ona pia kwamba hiyo barua huwezi kuituma kwa watu arobaini, maana lazima uwe umemsoma huyo mtu kweli. Wapo kumi na tano tu duniani wanaokufaa? Sawa, andika barua kumi na tano. Kabla ya hapo soma masharti yao, kila mhakiki ana ukurasa unaosema anapokea nini na foleni yake iko wazi au imefungwa, na kama imeandikwa imefungwa basi imefungwa, usijitie hujaona.

Halafu maneno ya jalada la nyuma. Umenitumia yako na nimeyasoma, naomba usinichukie. Unaanza na ufalme wa Arkhaduur, falme saba, vita vya miaka elfu, unabii, na majina matano ambayo hata kuyatamka nimeshindwa. Mama Buti, wewe una mwanamke anayevua viatu vya wafu! Mbona umemficha aya ya tatu? Jaribu hivi:

*Vita vikiisha, Sereka anaingia uwanjani na kisu kidogo cha kukatia kamba. Anavua buti, anaosha damu, anaziuza kwa askari wa vita vijavyo. Miaka kumi na moja hajawahi kuulizwa zimetoka wapi. Leo amevuta buti moja, na mwenye buti amemshika mkono.*

Falme saba tutazikuta ndani, hazina haraka. Hiyo inamwambia mpenzi wa giza njoo, na inamwambia mpenzi wa mapenzi ya kasri hapa si pako, na usifikiri hilo la pili ni hasara. Kitabu cha giza kinachokwenda kwa msomaji asiye wake kinarudi na nyota moja kati ya tano, tena ya haki kabisa, kwa sababu yeye alidanganywa. Kava vilevile. Kama umeweka msichana mwenye gauni linalopepea na mwezi nyuma yake kwa sababu lilikuwa zuri, utavuta watu wazuri kabisa ambao watakuchukia ukurasa wa thelathini. Hilo ndo naliogopa pia kwenye NetGalley na majukwaa ya namna hiyo, wasomaji wanachukua nakala za bure kwa kuangalia picha, na wewe unalipia kuweka kitabu chako pale. Sikukatazi, ila hakikisha kava na maneno yako vinasema ukweli kabla hujaingia kwenye umati.

Jambo la mwisho kwako, la kiufundi kidogo. Goodreads, ule mtandao wa wasomaji wa vitabu, inaruhusu watu kuweka maoni kabla kitabu hakijatoka, Amazon kwa kawaida wasomaji hawawezi mpaka siku yenyewe ifike. Kwa hiyo wasomaji wako wa mapema waombe waweke Goodreads wakimaliza, halafu wiki ya uzinduzi watumie ujumbe mmoja, mmoja tu, kwamba kitabu kimetoka na linki hii hapa kama wangependa kunakili maoni yao Amazon. Wengine watashindwa kwa sababu Amazon inataka akaunti iwe imefanya manunuzi kiasi fulani ndani ya miezi 12, usiwasumbue, siyo uvivu. Na tegemea wengi waliochukua nakala watapotea. Usiwatafute. Mtu aliyeanza kitabu chako akakiacha katikati akanyamaza kakufanyia wema.

Kuna njia yoyote kitabu cha mtu asiyejulikana kikasomwa na wahakiki wengi kwa mpigo bila kulipa? Nimechoka kubisha hodi. — Kisu Butu

Kama umeandika kwa Kiingereza na umejichapishia, ipo. Mark Lawrence, mwandishi wa fantasia wa Uingereza, mwaka 2015 alianzisha shindano linaloitwa SPFBO kwa ajili ya fantasia zilizochapishwa na wenyewe. Vitabu 300 vinagawiwa kwa timu 10 za wanablogu, kila timu inapata 30, inachagua kimoja, halafu hivyo 10 vya fainali vinasomwa na timu zote na kupewa maksi. Kuingia ni bure na zawadi yenyewe ni kama mzaha tu, ila mshindi wa mwaka wa pili, Jonathan French, alikuja kupata mkataba na wachapishaji wakubwa, na wengine wengi walioishia fainali walipata wasomaji ambao wasingewapata maisha yao yote.

Nafasi zinajaa haraka zinapofunguliwa, kwa hiyo kaa karibu. Hata ukitolewa mapema, ile timu mara nyingi itaandika aya moja mbili kwa nini wamekuacha. Aya hizo zinauma kwelikweli. Ila zimeandikwa na mtu ambaye timu yake imepitia fantasia 29 nyingine raundi hiyohiyo, kama anasema sura yako ya kwanza inachelewa kuanza, inachelewa kuanza.

Nina kaka zangu wanne, shangazi, na kwaya nzima. Wote wako tayari kunipa nyota tano siku ya kwanza. Pia kuna jamaa kanifuata inboksi anauza rivyu hamsini kwa bei poa. Nichukue ipi? — Nataka Kuanza kwa Kishindo

Usichukue hata moja.

Kaka na shangazi wakinunua kitabu ni jambo jema, wakija kwenye uzinduzi wapigwe picha, ila wasiandike maoni. Amazon inakataza kabisa maoni ya ndugu na marafiki wa karibu, na wakigundua wanafuta. Nishaona mwandishi anapoteza maoni yote siku moja, ya kweli na ya uongo pamoja, akabaki na ukurasa mtupu wiki ya pili ya uzinduzi. Halafu yanaonekana tu. Nyota tano kumi na mbili zote zinasema "kitabu kizuri sana hongera mdogo wangu", msomaji mgeni akiziona anajua hapa ni ukumbi wa familia, anarudi zake nyuma kimyakimya.

Huyo jamaa wa inboksi mfungie. Hilo limeshatoka kwenye tabia mbaya likaingia kwenye sheria. Marekani tangu Oktoba 2024 kuna kanuni ya tume yao ya biashara inayokataza kuuza na kununua maoni feki, na Uingereza wamefuata Aprili 2025. Wewe unaweza ukawa unaishi kwingine kabisa ila duka unalouzia limekaa huko.

Hapa watu huwa wananiuliza, sasa mbona nakala ya bure inaruhusiwa, si ni hongo ileile? Hapana. Oktoba 2016 Amazon walipiga marufuku maoni ya kubadilishana na bidhaa za bure, lakini vitabu wakaviacha, wakisema kutoa nakala za mapema ni desturi ya miaka mingi. Sharti ni kwamba unatoa kitabu, hununui maoni. Huwezi kusema nitakupa ukiahidi kuandika, wala ukiahidi kuandika vizuri. Unampa, unamshukuru, unaondoka.

Kuna pia hakiki za kulipia ambazo ni halali. Kirkus, jarida la hakiki za vitabu la Marekani lililopo tangu 1933, wana huduma ya waandishi wanaojichapishia, unalipa, mtu anasoma, anaandika anachoona yeye, na isipokupendeza unaweza kuamua isichapishwe. Unalipia muda wa mtu kusoma, sifa haziuzwi hapo. Mimi binafsi kwa kitabu cha kwanza hizo hela ningempa mhariri au mchora kava, ila hayo ni yangu.

Na kwa sababu umesema kishindo, kumbuka cha Desemba 2023. Mwandishi mmoja wa fantasia wa Marekani, kitabu chake cha kwanza kinakaribia kutoka, mkataba mzuri na wachapishaji wakubwa, ikaja kugundulika kwamba alikuwa na akaunti feki Goodreads anazotumia kujipandisha yeye na kuwashusha kwa nyota moja waandishi wenzake, nao ni wa vitabu vya kwanza kama yeye. Wenzake wakakusanya picha za skrini wakaziweka hadharani. Ndani ya siku chache wakala akamuacha, mchapishaji akafuta kitabu. Kitabu chenyewe kilikuwa kinasubiriwa na watu kweli, hakuhitaji yote hayo.

Nimepata hakiki yangu ya kwanza ya mtu nisiyemjua. Nyota mbili. Nanukuu: "Kila mtu humu ni mbaya, hakuna wa kumpenda, nilipomaliza nilienda kuoga." Nimeandika jibu refu la heshima kumfafanulia. Nilitume? — Roho Inauma

Futa. Futa sasa hivi kabla hujaendelea kusoma.

Umefuta? Sawa. Sasa nikwambie, hiyo ya kwenda kuoga ningekuwa mimi ningeiandika kwenye jalada. Kuna mtu saa hizi anatafuta kitabu kitakachomfanya aende kuoga, na huyo mwenye nyota mbili amekutangazia bila malipo. Wapo wasomaji, mimi nikiwemo, ambao kwenye vitabu vya giza tunaanza na maoni ya nyota mbili, tunaangalia wanacholalamikia, na kama wanalalamika kwamba hakuna mtu mwema tunanunua.

Jibu lako la heshima, hata liwe na heshima kiasi gani, litasomwa hivi: mwandishi kaja kumgombeza msomaji. Na watakaolisoma siyo yeye tu, ni kila mhakiki ambaye ungependa asome kitabu chako cha pili. Ile nafasi ya chini ya kitabu ni sebule ya wasomaji, wanaongea wao kwa wao, wewe ulishasema yako kwa kurasa mia nne.

Ila kuna nyota mbili za kusikiliza. Tofautisha malalamiko ya ladha na malalamiko ya kazi. "Giza limezidi" ni ladha. "Farasi aliyekufa sura ya tatu anapandwa sura ya tisa" hiyo ni kazi, kamwangalie farasi. Na kama watu watatu wasiojuana wanakwambia waliboreka sehemu ileile, pale mnapofika mjini na baraza linaanza kujadili ushuru, basi hata kama unalipenda baraza lako, kuna kitu pale. Weka daftari. Usirekebishe leo, roho bado inauma, utakata hadi vizuri.

Je, niweke onyo la maudhui mwanzoni mwa kitabu? Naogopa litaharibu mshtuko. Na je, ukatili kiasi gani unazidi? Mhariri wangu anasema nimezidisha, wenzangu wa kundi la uandishi wanasema niongeze. — Damu Hadi Magotini

Onyo weka. Mistari mitatu ukurasa wa mwanzo, au mstari mmoja unaosema orodha ipo nyuma ya kitabu, asiyetaka kujua asigeuze. Hakuna mshtuko unaoharibika, kusema kuna mtoto anakufa siyo kusema ni mtoto gani wala lini, tena wengine watasoma kurasa mia mbili wakiwa wameshika roho mkononi. Kwa wahakiki ndo lazima kabisa, kwenye ombi lenyewe, kabla hawajasema ndiyo. Mtu aliyeviziwa na kitu kilichomgusa maishani mwake hataandika kuhusu sentensi zako nzuri, ataandika kwamba alivamiwa.

Swali la pili ndilo tamu, ngoja nikae vizuri.

Umenitumia sura mbili. Nimehesabu maiti, nilipofika thelathini na moja nikaacha. Na unajua nini, sikuhisi kitu. Ukurasa mmoja wanakufa sita, ukurasa unaofuata shujaa anafuta upanga kwenye nyasi anaendelea na safari, hajachoka, mkono hautetemeki, nguo imekauka yenyewe. Hapo nimeona damu tu, ugumu wa maisha ya hao watu sijauona. Ugumu upo kwenye kinachofuata. Upanga ukigonga mfupa unakwama, na unakwama vibaya, mtu anakanyaga maiti kifuani ili auchomoe. Kidonda siku ya nne kinanuka, na mwenye kidonda anajua kinanuka, anaanza kukaa mbali na wenzake wakati wa kulala ili wasimwambie. Bandeji nani anafua? Maji ya kufulia yanatoka wapi kama kisima kina mtu ndani? Askari aliyekatwa vidole viwili anajifunza upya kufunga vifungo, na siku anashindwa mbele ya watu, hapo ndo msomaji wako atafumba kitabu kidogo apumue.

Kwa hiyo mhariri wako na wenzako wote wana haki, umezidisha maiti na umepunguza matokeo. Chukua mauaji thelathini na moja, bakiza manne, halafu kila moja lifuatilie mpaka lilipe deni lake. Kuna sehemu moja ndogo kwenye sura yako ya pili, mistari miwili tu, mamluki mzee anamwomba kijana amkate kucha kwa sababu mkono wa kulia haumsikii tena. Hicho ndicho kitabu chako. Sijui kwa nini umekikimbia kurudi kwenye mapanga.

Na ubakaji, kwa kuwa umeuliza pembeni: kama umeuweka ili tujue mtu fulani ni mbaya, utoe, tulishajua. Wahakiki wengi wa aina hii ya vitabu wamechoka nao na wanaandika hivyo waziwazi kwenye masharti yao.

Siku ya uzinduzi nisome sehemu gani, na kwa muda gani? — Mwenye Haya

Dakika tano, saba mwisho. Siyo dibaji, dibaji zote za fantasia zinasomwa vibaya kwa sauti kwa sababu zimejaa majina. Chagua sehemu yenye watu wawili wanaobishana kuhusu kitu kimoja, jozi ya viatu, deni, nani alale karibu na moto. Ikate inapokaribia kuharibika, funga kitabu, kaa. Kama kuna matusi kwenye mazungumzo yasome kama yalivyo, ila waambie watu mwanzoni ili wenye watoto watoke kidogo. Fanya mazoezi kwa sauti mara tatu nyumbani, utagundua sentensi mbili ambazo mdomo unazikataa.

Mimi siyo mwandishi, nahakiki vitabu vya fantasia kwa mapenzi tu. Rafiki yangu wa karibu katoa riwaya yake ya kwanza na ananiomba niihakiki. Nimeisoma. Ni ya wastani, nusu ya kwanza inavuta, nusu ya pili imechoka. Nifanyeje nisipoteze urafiki? — Katikati

Usihakiki. Mwambie una kanuni ya kutohakiki vitabu vya marafiki, na kama hukuwa nayo, umeipata leo, uishike hata kwa rafiki yako mwingine atakapotoa chake kizuri kuliko hiki. Akikubishia mwambie hata Amazon haitaki.

Halafu mpigie simu, siyo meseji, umwambie yale ya nusu ya kwanza kwa undani, sehemu gani ilikukosesha usingizi, mhusika gani bado unamfikiria. Waandishi wa vitabu vya kwanza wanapewa hongera nyingi mno na maelezo kidogo mno. Nusu ya pili usiiguse mpaka aiulize mwenyewe, na ataiuliza, pengine siyo wiki hii, labda miezi sita baadaye akiwa anaanza kitabu cha pili na kakwama mahali palepale. Hapo toa daftari lako. Kwa hiyo sasa hivi kabla hujasahau, kaa chini uandike ni ukurasa wa ngapi ulianza kuangalia saa.